Kalenda zetu hazionani: mkutano wa asasi nne upangwe vipi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mratibu wa mtandao wa asasi nne za afya ya uzazi. Sisi tuko Dar es Salaam na tunatumia Google. Wenzetu wa Nairobi wanatumia Outlook. Asasi ya Bukavu haina mfumo wa ofisi. Kila mtu ana Gmail yake na mengi huyamalizia WhatsApp. Mfadhili yuko London, naye ni Outlook. Tunakutana mtandaoni kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, na mwaliko aliutuma mfadhili Januari mwaka huu wa 2026: saa saba mchana kwa saa zetu. Mwishoni mwa Machi kikao kikahamia saa sita bila mtu kutuambia, nusu yetu tukaingia kimeisha. Dada wa Nairobi aliwahi kukisogeza kwenye kalenda yake hadi Jumatano, akasubiri peke yake. Nilipotuma mwaliko mpya ili kurekebisha, watu wakawa na mikutano miwili. Bukavu wanasema mialiko mingine haifiki kabisa. Mkurugenzi wangu anataka sote tuhamie mfumo mmoja ili tuone kalenda za wenzetu. Mhasibu wetu amekataa katakata kuonyesha yake kwa watu wa nje. Nifanye nini? Na je, mhasibu ana haki?"*

Pole na kazi, ndugu mratibu. Nianze na la mhasibu kwa kuwa jibu lake ni fupi: ndiyo, ana haki, na nitaeleza kwa nini huko mbele. Hayo mengine uliyoyataja yanaonekana kama tatizo moja la "mifumo haielewani", lakini kila moja lina chanzo chake. Mkutano kuhama saa ni jambo moja, kikao kusogezwa Nairobi ni jingine, mikutano miwili ni la tatu, na mialiko isiyofika Bukavu ni la nne. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo lingeponywa na mpango wa mkurugenzi wako. Namwelewa anachokitamani, ila amekosea mahali pa kukitafuta.

Ndani ya shirika moja kalenda zinaonana kwa sababu wote wamo kwenye seva ya mwajiri mmoja na orodha moja ya watumishi. Ukiwa Dar ukitaka kujua kama mwenzako wa chumba cha pili ana nafasi saa nne, mfumo wako unaangalia ndani ya nyumba yake wenyewe. Ukivuka geti la shirika, hiyo njia haipo tena. Ndiyo maana mwenzako wa Nairobi akiandika anwani yako kwenye Outlook, mahali pa ratiba yako anaona mistari ya mshazari badala ya nafasi zako: mfumo wake haujui lolote kukuhusu. Sasa, hata ninyi wanne mkijiunga Google leo, mtakuwa mashirika manne yenye akaunti za Google, kila moja na mlango wake na msimamizi wake. Kufanana kwa programu hakufungui milango.

Kinachovuka kutoka shirika hadi shirika ni barua. Mfadhili wako alipobonyeza kitufe cha kutuma mwezi Januari, kila mmoja wenu alipelekewa barua pepe yenye kijifaili kinachoishia na .ics. Lugha ya faili hilo ni ya watu wote, inaitwa iCalendar. Iliwekwa kuwa kanuni mwaka 1998 na kuboreshwa mwaka 2009, na Google, Outlook na kalenda za simu zote zinaisoma. Ndani yake mna mambo manne yanayokuhusu: nani mwenye mkutano, namba ya utambulisho wa mkutano huo, namba ya toleo, na saa pamoja na eneo ambalo saa hiyo inahesabiwa. Kalenda yako ikiipokea barua inatengeneza nakala. Mkutano wenyewe haukai kwako. Unakaa kwa aliyeutuma.

Hapo ndipo kisa cha dada wa Nairobi kinapoeleweka. Baadhi ya programu humruhusu mwalikwa kuisogeza nakala yake mwenyewe, na alipofanya hivyo alibadilisha nakala moja kati ya nyingi. Hakuna barua iliyokwenda kwa wengine, kwa kuwa mwenye mkutano ni mfadhili, na barua za mabadiliko hutoka kwake tu. Kilichomfaa ni kitufe cha kupendekeza muda mpya, ambacho kipo Outlook na kipo Google. Pendekezo linakwenda kwa mwenye mkutano, akikubali yeye ndiye anayetuma toleo jipya kwa wote. Mwambie hivyo kwa upole. Kosa hili ni la kawaida sana, na programu zenyewe hazimwonyi mtu ipasavyo.

Na mikutano yako miwili? Ulipotuma mwaliko mpya, ulizaa mkutano wenye namba yake ya utambulisho. Kalenda za wenzako hazikuwa na njia ya kujua kwamba huu ni ule wa zamani uliorekebishwa. Ziliona vitu viwili, zikaviweka vyote. Mkutano unaorekebishwa hufunguliwa uleule, saa ikabadilishwa, halafu mtumaji akakubali kutuma taarifa kwa waalikwa. Namba ya utambulisho inabaki ileile, namba ya toleo inapanda, na kila kalenda inafuta nakala ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Lakini wewe usingeweza kufanya hivyo, kwa sababu mkutano haukuwa wako. Hiki ndicho kiini cha shida zenu, kuliko Google na Outlook: mtu anayeratibu si mtu anayemiliki mwaliko.

Tuje kwenye saa iliyohama. Uingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka huu ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba. Sisi Afrika Mashariki hatusogezi kitu. Mfadhili alitengeneza kikao cha saa 10:00 kwa saa za London, na kwa kuwa kikao kimefungwa kwenye saa za London, kalenda yake inakilinda kiwe 10:00 ya London mwaka mzima. Wakati wa baridi huko, hiyo ni 13:00 ya Dar, yaani saa saba. Baada ya 29 Machi ni 12:00 ya Dar, saa sita. Kalenda za Dar na Nairobi zilionyesha mabadiliko hayo sawasawa, bila kosa. Waliochelewa ni waliokuwa wameshika kichwani au kwenye shajara kwamba Jumanne ni saa saba. Msipobadilisha kitu, tarehe 25 Oktoba itawarudisha saa saba, na kisa kitajirudia kwa wale watakaokuwa wamezoea saa sita.

Dawa ni kuamua kikao kifungwe kwenye saa za nani. Mimi ningekifunga kwenye saa za Afrika Mashariki, kwa sababu ndiko waliko washiriki wengi na ndiko kazi iliko. Atakayetengeneza mwaliko achague saa za eneo la Nairobi hata kama yeye mwenyewe yuko London. Google na Outlook zote zinaruhusu kuchagua eneo la saa kwa kila tukio. Kwenye orodha ya Outlook usihangaike kuitafuta Dar es Salaam: eneo letu lote linaandikwa Nairobi. Kuanzia hapo Dar, Nairobi na Bukavu hawatahama kamwe, na anayebeba mabadiliko mara mbili kwa mwaka ni mfadhili peke yake, ambaye nchini kwake ameshazoea. Mkija kupata mshirika wa Marekani, kumbuka kwamba wao husogeza kwa tarehe tofauti na Ulaya: mwaka huu 8 Machi na 1 Novemba. Kwa hiyo Machi zipo wiki tatu, na mwishoni mwa Oktoba wiki moja, ambazo tofauti ya New York na London si ileile mliyoizoea.

Saa ipi basi? Ofisi ya London ikifunguliwa saa tatu asubuhi kwao, kwenu ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa tano wakati wa kiangazi chao. Kwa hiyo nafasi inayowafaa wote inaanzia saa sita hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za Dar. Ningechukua saa nane mchana, 14:00. Watu wameshaswali Adhuhuri na wameshakula, Bukavu ni 13:00, na London ni 11:00 au 12:00 kutegemea majira. Bukavu mtatofautiana nao kwa saa moja siku zote, kwa sababu mashariki ya Kongo iko saa moja nyuma yetu pamoja na Rwanda na Burundi, na Kinshasa iko saa mbili nyuma.

Hilo la Kinshasa lina mtego, na ningeomba ulikague mapema. Mtu wa Bukavu akinunua kompyuta iliyoandaliwa Kinshasa, au akichagua Kongo kwenye mipangilio bila kuangalia, anaweza kujikuta kwenye saa za Kinshasa. Saa ya ukutani ataiona ni mbovu, ataisahihisha kwa mkono, na eneo litabaki lilelile. Tangu hapo kila mwaliko utamtokea na kosa la saa moja ingawa saa yake inaonekana sahihi. Eneo linalofaa kwa Bukavu ni la Lubumbashi. Kwenye simu ni rahisi zaidi: aache ijiwekee saa yenyewe kutoka kwenye mtandao wa simu.

Kuna jambo la kwetu wenyewe ambalo hakuna mwongozo wa Google utakaolitaja. Sisi tunasema saa nane, kalenda inaandika 14:00 au 2:00. Anayetengeneza tukio akiwa na haraka huandika 8:00 kwa sababu masikio yake yamesikia nane, na kikao kinakwenda asubuhi. Wapo pia Waswahili, hasa upande wa Kongo, wanaohesabu saa kama inavyohesabiwa kwa Kifaransa, kwa hiyo "saa nane" ya Dar haieleweki sawa kwa kila msikilizaji. Wekeni kalenda zenu kwenye mfumo wa saa 24, na katika maelezo ya mwaliko andikeni saa kwa tarakimu pamoja na jina la mji: Dar na Nairobi 14:00, Bukavu 13:00. Mkiwa na kikao cha usiku na watu wa Marekani, ongezeni na tarehe, maana kwa mtu wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata Alhamisi ikichwa, na kwa kalenda ni siku nyingine kabisa.

Sasa mialiko ya Bukavu. Sababu ninayoiona mara nyingi ni mpangilio mmoja wa Kalenda ya Google unaouliza mialiko ya nani iingizwe: ya kila mtu, ya watumaji wanaojulikana tu, au ile tu ambayo mtu ameijibu kwenye barua pepe. Uliwekwa kuzuia matapeli waliokuwa wakijaza kalenda za watu matangazo. Mtu wa Bukavu mwenye mpangilio wa pili, ambaye hajawahi kuandikiana na mfadhili, atapata barua pepe lakini kwenye kalenda hakutakuwa na kitu. Anachotakiwa kufanya ni kuifungua barua na kuthibitisha kwamba anamfahamu mtumaji, au kumwingiza kwenye anwani zake, mara moja tu. Kabla ya hapo, aangalie na folda ya barua taka. Kagueni pia kama mfadhili aliwaalika kwa anwani ya kundi. Anwani ya kundi katika mialiko inayovuka mashirika huleta vurugu: majibu hayajulikani ni ya nani, na aliyeingia kwenye kundi baadaye hapati kikao kilichotangulia. Andikeni anwani za watu, mmoja mmoja, hata wakiwa ishirini.

Halafu kuna WhatsApp. Sitakwambia muiache, kwa Bukavu ndiyo njia inayofika hata umeme ukikatika na data ikiwa ndogo. Ila picha ya mwaliko iliyotumwa WhatsApp haibadiliki, na mtu aliyeiandika kwenye simu yake kwa mkono ametengeneza tukio lake la pembeni lisilopokea marekebisho yoyote. Tumieni WhatsApp kukumbushana: siku moja kabla na saa moja kabla, ujumbe mfupi wenye tarehe, saa za miji yote na kiungo cha kuingilia. Mwaliko wenyewe ubaki kwenye barua pepe. Mkibadilisha muda, anzeni kwenye mwaliko, kisha mseme WhatsApp kwamba mwaliko umebadilika, na ule ujumbe wa zamani ufutwe kwenye kundi ili asiyefuatilia asijeukuta baadaye akaufuata.

Mhasibu sasa. Kalenda ya mtu ina mengi kuliko saa za kazi. Ina kliniki, ina "usaili wa mhasibu msaidizi", ina kikao cha nidhamu cha mtumishi fulani, ina safari za benki na kiasi kinachokwenda kuchukuliwa. Kwenye asasi ya afya ya uzazi inaweza kuwa na jina la mteja. Mtu wa nje akisoma vichwa vya matukio vya mwezi mmoja ameshajua mambo ya ofisi ambayo hakuna aliyekusudia kumwambia. Na hili si suala la adabu tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa za afya zimo kati ya zile zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Mhasibu wako analinda ofisi. Ningemshukuru hadharani kabla hajaanza kuonekana mkaidi.

Lakini kati ya kuonyesha yote na kutoonyesha kitu pana nafasi. Kushiriki kalenda kuna ngazi: mtu anaweza kuona tu kwamba una shughuli au una nafasi, bila kujua shughuli gani, anaweza kuona maelezo, anaweza kubadilisha. Ngazi ya kwanza inatosha kwa kupanga vikao, na hata hiyo iwe hiari ya mtu. Msimamizi wa Google katika shirika lenu anaweza kuweka kikomo kwamba kwa watu wa nje hakuna anayevuka ngazi hiyo, hata akibofya kwa bahati mbaya. Mwombe aweke. Nina onyo kuhusu ile anwani ya siri ya iCal ambayo Google humpa kila mwenye kalenda. Watu huituma kwa wenzao kama njia ya mkato. Mwenye anwani hiyo anasoma kila kitu bila kuingia kwa nywila, na akimtumia mwingine naye anasoma. Kama kuna mtu kwenu ameshaitoa, aende kwenye mipangilio aibadilishe. Ya zamani itakufa papo hapo.

Tuzipime njia zilizo mbele yako, moja moja.

Kuhamia mfumo mmoja siipendekezi. Ni gharama, Bukavu wataumia zaidi, mfadhili hatahama, na faida mnayoitafuta haitapatikana.

Kuunganisha mifumo kwa juu, ili Nairobi na London waone nafasi za kila mmoja, inawezekana kweli. Mashirika mawili yanayotumia Outlook ya Microsoft yanaweza kuwekeana uhusiano huo, na Google ina njia yake ya kubadilishana taarifa za nafasi na mfumo wa Microsoft. Kazi hii hufanywa na wasimamizi wa pande zote mbili, si wewe wala mimi. Inafaa pale ambapo mashirika mawili yanafanya kazi pamoja kila siku, mathalani sekretarieti moja yenye watumishi wa waajiri wawili. Kwa kikao cha kila wiki mbili ni kutumia nyundo kubwa mno, na kila uhusiano wa namna hii ni mlango unaohitaji mtu wa kuulinda miaka yote. Kwenu, uacheni.

Kura ya muda, kama ile ya Doodle, inafaa kwa kikao cha mara moja chenye watu wengi: kikao cha bajeti, mkutano wa mwaka. Unaweka nafasi, kila mtu anatia alama anazoziweza, inayopata wengi inachukuliwa. Huharibika kwa sababu mbili. Waandaaji huweka nafasi kumi na tano, watu wanachoka. Na kura huachwa wazi wiki nzima, kwa hiyo aliyetia alama Jumatatu ameshapangiwa jambo jingine ifikapo Ijumaa. Weka nafasi tatu au nne zilizo ndani ya ule muda unaowafaa wote, sema kura inafungwa kesho kutwa saa kumi, ifunge kweli saa kumi, na dakika hiyohiyo tuma mwaliko. Na aliyepiga kura asidhani ameshapata kikao: kura haiingii kwenye kalenda mpaka mwaliko utoke.

Kurasa za kujichagulia nafasi, kama Calendly au zile za Google na Microsoft, zinafaa pale mmoja anapoonana na wengi kwa zamu. Wewe ukitaka kuzungumza na kila asasi peke yake kuhusu ripoti, tumia hiyo, na maswali ya saa za eneo itayamaliza yenyewe. Ila usimtumie kiungo hicho Mganga Mkuu wa Wilaya. Kumwambia mkubwa ajipange kwenye nafasi zako ni kumkosea, na hata kama yeye hatakasirika, hatakijibu. Kwa ofisi ya serikali barua rasmi ipite masijala, kisha mpigie katibu muhtasi, yeye ndiye mwenye ratiba. Ukipata tarehe kutoka kwake ndipo utume mwaliko wa kalenda kwa anwani yake na ya bosi, kama kumbukumbu. Mratibu anayejuana na makatibu muhtasi wa wilaya zake hupata vikao ambavyo hakuna programu itampatia.

Kwa hiyo kwa kikao chenu cha kawaida ningefanya hivi. Ombeni akaunti ya barua pepe ya kazi, isiyo ya mtu, kwenye shirika lenu, kitu kama ratiba@ kikifuatiwa na jina la asasi. Itawagharimu leseni ya mtumiaji mmoja zaidi. Mialiko yote ya mtandao itoke hapo. Sababu ni kwamba mkutano hufa na akaunti ya mwenyewe: siku afisa wa London akihama kazi, ofisi yake itafunga akaunti, na kikao kitabaki kwenye kalenda zenu bila mtu anayeweza kukibadilisha wala kukifuta kwa wote. Google inaruhusu kuhamisha umiliki wa tukio kabla mtu hajaondoka, lakini kwenye Outlook kwa miaka mingi njia ilikuwa moja tu, kufuta na kuanza upya. Kwa sababu hiyohiyo, mfululizo usiwe wa milele. Upe mwisho wa miezi mitatu au sita, na kila unapoisha muulizane kama siku na saa bado zinafaa.

Kabla ya kutuma mfululizo wa nusu ya pili ya mwaka, pitisheni tarehe zote mbele ya sikukuu za nchi nne. Mmechagua Jumanne, na mwaka huu Jumanne zina mambo: 30 Juni ni siku ya uhuru wa Kongo, 7 Julai ni Saba Saba kwetu, 20 Oktoba ni Mashujaa kwa Wakenya. Kati ya hizo mbili za kwanza, mfululizo wa kila wiki mbili lazima ugonge moja, mkianza wiki yoyote. Kalenda ya Google inaweza kukuongezea sikukuu za nchi unazozitaka, na nashauri uziweke zote nne. Idd usizitegemee kwenye kalenda. Zinaandikwa kwa makadirio, mwezi ndio unaoamua, kwa hiyo siku ya kabla na ya baada ziacheni wazi.

Mpango wa mihula unaweza kuuweka kwenye kalenda ya pamoja ya kusomwa tu, ambayo wenzako wa Outlook wanaiongeza kwa kiungo. Nataka ujue udhaifu wake: kalenda inayosomwa kwa kiungo hujisasisha polepole, saa kadhaa na pengine hadi siku nzima. Inafaa kuonyesha robo mwaka ijayo. Haifai kutangazia kwamba kikao cha leo kimesogezwa.

Kuhama kutoka mfululizo wa mfadhili kwenda wenu kuna mpangilio wake, na ukikosewa mtarudi kwenye mikutano miwili. Kwanza wewe futa ule mwaliko wako wa marekebisho, na ukubali taarifa ya kufuta ipelekwe kwa wote. Kisha mwombe mfadhili afute mfululizo wake kuanzia tarehe mtakayokubaliana, naye atume taarifa. Vikao vilivyopita viachwe, maana watu hurejea humo kutafuta kumbukumbu. Ukishahakikisha kwamba kalenda za Nairobi na Bukavu ziko tupu, tuma mfululizo mpya kutoka akaunti ya ratiba. Omba kila mmoja abonyeze kukubali, hata kama ameshakwambia kwa mdomo, kwani jibu hilo ndilo linalokuonyesha kwamba barua ilifika. Asiyejibu ndani ya siku mbili mpigie simu.

Yapo ambayo usijaribu kuyatatua kwa maelekezo ya mbali, yangu au ya mtu mwingine. Kama mwaliko haumfiki mtu hata kwenye barua taka, na watumaji wengine wanamfikia, kuna kichujio kwenye seva ya shirika kinachouzuia. Anayekiona ni ofisa TEHAMA wa upande unaopokea. Mpelekee tarehe na saa uliyotuma, anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, atauona kwenye kumbukumbu zake. Ukigundua kwamba kalenda yenye majina ya wateja imeonekana na watu wa nje, usianze kufuta vitu ili kuficha. Funga ushirikishaji, andika kilichoonekana na nani aliweza kukiona, umwone siku hiyohiyo anayesimamia ulinzi wa taarifa kwenu au mwanasheria wa asasi, kwani kuna wajibu wa kutoa taarifa ambao yeye ndiye atakayeupima. Na kwa Bukavu, kama mna ziara ya ufuatiliaji hivi karibuni, mwombe anayekwenda akae nao nusu saa na simu zao mkononi: eneo la saa, mpangilio wa mialiko, na mwaliko mmoja wa majaribio unaotumwa, unaosogezwa kwa saa moja, kisha unaofutwa, wote wakiangalia unavyobadilika.